Ngoma ya Kukaa: Wazee Wetu na Tiba ya Nyimbo

Ndugu msomaji, ukiambiwa kwamba mtu aweza kulisahau jina la mwanawe wa kumzaa, lakini akianzishiwa wimbo wa kulimia wa ujana wake akaupokea na kuufikisha mwisho bila kukosa neno, utasadiki? Yamkini utadhani ni hadithi za kupitishia jioni. Hata hivyo madaktari wanaotibu maradhi ya uzee wanalijua jambo hili barabara. Maradhi yale yanayowafutia wazee kumbukumbu huanza na mambo ya jana na ya juzi, na nyimbo za zamani mara nyingi huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuondoka.

Jambo hili latuhusu sisi wenyeji wa Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu kuliko tunavyofikiri. Tulio mjini, katika viwanda vya kuchambua pamba, maofisini, sokoni au kwenye magari ya abiria yaendayo Lamadi na Maswa, wengi wetu tumewaacha baba na mama vijijini. Twapeleka fedha kwa simu, twapeleka sukari na sabuni wakati wa sikukuu, na hapo twaona tumetimiza wajibu. Wako pia wazee wasio na mtu wa kuwapelekea hata hiyo sabuni, ambao mwisho wao umekuwa katika makazi ya wazee. Makala haya yawahusu hao kwanza, kisha yatarudi kwako na kwa mzazi wako.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba mlezi wa kwanza wa mzee ni familia yake, na kwamba makazi ni kimbilio la mwisho kwa asiye na mtu. Kwa sisi tuliokuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, jina lililozoeleka ni Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga. Upande wa Mwanza yako makazi ya Bukumbi, wilayani Misungwi. Mahali kama hapa hukutana watu wa namna nyingi: aliyeugua ukoma zamani akapona lakini akabaki bila vidole, aliyepofuka, mgeni aliyekuja kutafuta kazi akazeeka bila mke wala mtoto, na yule ambaye hatupendi kumtaja.

Huyo ni bibi aliyekimbia kwao akiitwa mchawi. Usukumani, ndugu msomaji, tusifichane, wako wanawake wazee waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi! Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kinyesi cha ng'ombe na miti mikavu ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa sababu kuni zimekwisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Baadhi ya waliosalimika walipata hifadhi makazini. Wamepewa kitanda, blanketi, ugali na dawa ya malaria. Haya si mambo madogo, na wahudumu wanaoyatoa kila siku wanastahili heshima. Lakini mtu aliyefukuzwa na kijiji chake ana jeraha ambalo halifungwi kwa bandeji. Hapo ndipo tunapofikia habari ya muziki.

Tiba kwa muziki ni nini?

Kutuliza mgonjwa kwa ngoma si jambo geni kwetu. Tangu kale waganga wetu walikuwa na nyimbo zao, na mama yeyote aliyembembeleza mtoto mwenye homa ameifanya kazi hiyo pasipo kuiita kwa jina. Kilicho kipya ni kuifanya taaluma yenye mafunzo na vipimo. Nchini Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, wanamuziki walialikwa katika hospitali zilizojaa askari waliojeruhiwa mwili na akili. Madaktari wakaona wagonjwa wanabadilika, wakataka kujua sababu, na mwaka 1950 wataalamu wa kazi hiyo wakaunda chama chao cha taifa. Tangu hapo imeenea katika nchi nyingi, na nyumba za kulelea wazee zimekuwa mahali pake hasa.

Sababu zenyewe si za ajabu. Maneno ya kawaida kwa watu wengi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, lakini wimbo hugusa sehemu nyingi kwa pamoja: za kusikia, za mwendo wa viungo, za furaha na huzuni, na za kumbukumbu. Njia moja ikiharibika, nyingine zaweza kuwa zingali wazi. Ndiyo maana mtu aliyepigwa na kiharusi akapoteza usemi huweza wakati mwingine kuimba maneno asiyoweza kuyasema. Mwaka 1973 wataalamu wa mji wa Boston walieleza njia ya kuwarudisha wagonjwa wa namna hiyo katika kusema kwa kuwapitisha kwanza kwenye kuimba, sentensi fupi fupi, huku mkono ukipiga mapigo. Vivyo hivyo mzee mwenye ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, ambaye miguu yake hukwama kama iliyogandishwa ardhini, mara nyingi huweza kupiga hatua akipata mapigo ya ngoma ya kufuata.

Tusipige chuku lakini. Muziki haufufui ubongo uliokufa. Mapitio ya tafiti 30 kutoka nchi 15, yaliyotolewa mwaka 2025 na shirika la Cochrane kuhusu watu wenye maradhi ya kusahau, wengi wao wakiwa katika nyumba za kulelea, yalionyesha kwamba tiba ya muziki hupunguza majonzi, na huenda ikapunguza tabia zinazowasumbua wagonjwa na walezi wao. Hayakuonyesha kwamba akili iliyopotea hurejea. Kwa hiyo akija mtu hapa Bariadi kukuuzia kaseti au kifaa cha kusikilizia na kudai kinaponya usahaulifu, mfungulie mlango aende zake. Kupunguza majonzi kunatosha. Muulize anayelala chumba kimoja na mzee asiyetaka kula.

Nyimbo zipi, na za nani?

Hapa ndipo wema wetu unapokosea njia. Kila mwaka tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, makazi ya wazee hupata wageni. Huletwa mchele, mafuta, khanga, na mara nyingi kwaya au kikundi cha vijana chenye spika kubwa. Vijana huimba vizuri, wazee hukaa kwenye viti vyao wakitazama, picha hupigwa, na jioni wageni huondoka. Nani aliyeimba siku hiyo? Wageni. Mzee alikuwa mtazamaji, kama alivyo mtazamaji wa mambo mengine yote ya maisha yake sasa: hupikiwa, huogeshwa, huamuliwa saa ya kulala. Tiba inayozungumzwa na wataalamu, zaidi ya sauti inayoingia sikioni, yataka mzee mwenyewe atoe sauti, achague wimbo, aongoze, apinge, acheke. Kuwaimbia wazee ni jambo moja, na kuimba nao ni jingine.

Na redio? Redio ni rafiki mwema wa mzee aliyeichagua stesheni mwenyewe. Redio moja iliyofunguliwa ukumbini tangu alfajiri, ikiwapigia watu arobaini wenye lugha na rika mbalimbali, hugeuka kelele. Tena masikio ya uzeeni hupata taabu kutenganisha sauti nyingi zinapochanganyika. Wimbo mmoja, sauti moja na ngoma moja iliyo karibu hufaa zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Wachunguzi wa kumbukumbu wameona kwamba mambo yaliyompata mtu kati ya umri wa miaka 10 hivi na 30 ndiyo hukaa kwa nguvu zaidi, na nyimbo za wakati huo vilevile. Mzee aliyetimiza miaka 80 mwaka 2025 alizaliwa 1945. Nyimbo zake basi ni za kati ya 1955 na 1975. Kumpigia muziki wa wajukuu wake ni kumkaribisha katika nyumba asiyoijua.

Miaka hiyo huku kwetu ilikuwa na sauti zake. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao katika muungano wa ushirika, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, na ushirika huo uliimbwa mashambani. Ukaja uhuru mwaka 1961. Ikaja Operesheni Vijiji mwaka 1974, ambayo iliimbwa pia, ingawa si kila aliyehamishwa aliimba kwa moyo mkunjufu. Mijini ilikuwepo dansi. Bendi ya Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende wa kutoka Nzega, ilibeba jina la magharibi ya nchi yetu, na vijana walioshuka pwani kutafuta kazi waliicheza. Huenda mzee unayemwona anasinzia kwenye benchi alikuwa mmoja wao, kavaa suruali pana, anasubiri gitaa lianze.

Lakini zaidi ya hayo yote ilikuwa mbina. Msukuma wa makamo hayo mara nyingi ana upande wake: ama ni wa Bagalu, ama wa Bagika. Mapokeo yasema vyama hivyo viwili vya ngoma vilitokana na mafahali wawili wa fani, Gumha na Ngika, na tangu enzi zao mashindano hufanyika baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, vikundi viwili vikicheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja. Mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Manju hutungia watu nyimbo za sifa na za kejeli, na hutafuta kila mbinu, hata dawa ya mvuto, ili umati usihame. Mwanamuziki msomi Frank Gunderson alizunguka Usukumani katika miaka ya 1990, na mwaka 2010 akachapisha kitabu kikubwa chenye mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma: za wawindaji, za wapagazi waliobeba mizigo hadi pwani, za walimaji. Nyingi alizipata katika vinywa vya wazee. Waliomfuata baada ya hapo hawakupata wote aliowapata yeye.

Ngoma ya kukaa

Mtu atasema, “Lakini mbina ni ya kurukaruka, na mzee wangu hana magoti.” Jibu tunalo nyumbani. Wasukuma wana ngoma iitwayo wigashe, na jina lake latokana na neno la Kisukuma la kukaa. Wachezaji huketi kwa safu, huimba kwa kupokezana, na huchezesha mabega, mikono na vichwa kwa pamoja, mwili wote wa juu ukizungumza huku miguu imetulia. Vijana waliicheza zamani kwa umaridadi mkubwa. Katika nchi nyingine wataalamu wamekaa na kubuni mazoezi ya viungo ya kufanyia kitini kwa ajili ya wazee. Sisi mazoezi hayo tuliyarithi, tena yakiwa na wimbo ndani yake, nasi tumeyaacha kwa vikundi vya maonyesho.

Fikiri jinsi ngoma hiyo inavyofaa mahali pa wazee. Mwenye magoti mabovu anacheza sawa na mwenye magoti mazima. Kipofu anafuata sauti na bega la jirani. Aliyepoteza vidole kwa ukoma hawezi kushika fimbo ya ngoma, lakini njuga hufungwa kwenye kifundo cha mkono na mkono ukafanya kazi. Kuimba kunampanua kifua mzee aliyelala mno. Nusu saa yatosha, mara mbili tatu kwa juma. Anza kwa kumwamkia kila mmoja kwa jina, “Mwangaluka” kwa Msukuma na kwa lugha yake asiye Msukuma. Kisha wimbo wa polepole, halafu wa kasi kidogo, halafu urudi polepole ili mioyo itulie. Anayechoka apumzike. Asiyetaka asilazimishwe, kwa maana kukaa pembeni na kusikiliza nako ni kushiriki.

Halafu uache ushindani uingie. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuwafanya wazee watulie kama wako mtihanini. Akiwapo Mgalu na Mgika katika bweni moja, wakae pande mbili, kila upande utoe wimbo wake, na wahudumu wawe umati. Mzee aliyekuwa na jina la “yule wa kitanda cha tano” atapata tena jina la manju na adui wa kumtania. Kwa kweli ni vigumu kufikiri dawa ya upweke iliyo bora kuliko adui mzuri wa ngoma.

Yako mambo ya kuangalia. Wimbo waweza kuumiza. Wimbo wa msiba, au ule ulioimbwa siku nyumba ya mtu ilipochomwa, humrudishia mwenyewe siku hiyo nzima. Mzee akilia, mwimbishaji asikimbilie kubadili wimbo kwa woga wala asiendelee kana kwamba hakuona. Anyamaze, akae naye, amuulize. Tena wapo wazee walioacha mbina walipobatizwa au waliposilimu, wakiiona ni mambo ya giza. Hao waimbe nyimbo za dini zao, na waheshimiwe. Hata hivyo inafaa kukumbusha kwamba Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefanya kazi Bujora karibu na Mwanza tangu miaka ya 1950, alizikaribisha ngoma za Kisukuma kwenye sikukuu za kanisa, na huko ndiko makumbusho ya Wasukuma yalikojengwa. Na kwa Nzanzibari au Mrangi aliyejikuta kati ya Wasukuma, mtafutieni wimbo wa kwao, ingawa atakuwa peke yake anayeuelewa. Unguja Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe ambaye hakuna aliyejua hasa umri wake, aliimba jukwaani karibu hadi mwisho. Mwaka 2005 tuzo ya WOMEX ilimkuta angali kazini.

Kuna upande mwingine wa jambo hili usiosemwa katika vitabu vya wageni. Ile ile ngoma yaweza kuzuia bibi asifike makazini kabisa. Wilayani Magu watu waliosimama kuwatetea wazee wasiuawe kwa tuhuma za uchawi walitumia vikundi vya ngoma na maigizo kueleza habari ya macho mekundu na moshi, huku wakifundisha ujenzi wa majiko yanayotumia kuni kidogo. Mtu ambaye hangekaa kusikiliza hotuba alikaa kusikiliza manju. Nasi tukumbuke kwamba ulimi wa manju una makali pande mbili: wimbo wa kejeli uliomtaja bibi fulani uwanjani uliweza kuwa mwanzo wa maneno ya kijiji. Watungaji wa leo wanajua wanalolifanya.

Sasa turudi kwako, msomaji wa Bariadi. Huhitaji cheti ili kuanza nyumbani. Jumapili utakapokwenda kumwona mzazi, acha simu mfukoni kwa nusu saa ya kwanza. Usimtahini mzee: “Wanikumbuka mimi ni nani?” Hilo ni swali la kumwaibisha. Anzisha wimbo, hata kama unaujua nusu tu; akikusahihisha, umefaulu. Ndipo uitoe simu, umwombe ruhusa, urekodi, uandike maneno na jina la aliyeutunga kama analijua, kwa kuwa wakati maradhi yatakapozidi, wewe au mhudumu atakayemlea mtahitaji kujua ni wimbo upi unaomwamsha. Daftari la nyimbo kumi za mzee lingepaswa kuwekwa pamoja na kadi yake ya hospitali.

Na chama chenu cha wafanyakazi, au jumuiya yenu ya kuzikana, au kikundi cha akina mama cha mtaa, mkiamua mwaka huu kwenda Kolandoto au Bukumbi, ombeni kwanza ruhusa kwa afisa ustawi wa jamii, kisha pelekeni sabuni kama kawaida. Ila spika kubwa iacheni nyumbani. Chukueni ngoma mbili, njuga na mtu mmoja anayejua kupokea wimbo. Nendeni Julai, wakati ambao mwili wa mzee wa Kisukuma unajua wenyewe kwamba mavuno yamekwisha na uwanja umefagiliwa. Mkifika, ketini chini pamoja nao, muwaamkie, na kabla ya jambo lolote jingine mwulizeni kila mmoja: wewe ni Mgalu au Mgika?